Daktari wa Kioo: Swali la Saba

Kiatu kimoja cheupe cha mpira, kimelala ubavu. Ndani yake mguu. Basi.

Hicho tu ndicho Daktari alichobakiziwa kwenye kioo cha kompyuta, nasi wasomaji wa sehemu iliyopita tulibakiziwa hicho hicho wiki nzima, tangu mgonjwa wake alipokatiza maneno, akayumba, akaanguka nje ya picha.

"Ua! Ua Jekundu! Unanisikia?"

Kimya.

Ua Jekundu si jina la mtu, ni jina la kwenye fomu. Katika zahanati ya mtandaoni ya Daktari, mgonjwa hujiita apendavyo. Yupo anayejiita Simba, yupo Mama Wawili, yupo mzee mmoja anajiita Nimechoka. Dada huyu aliandika Ua Jekundu, miaka ishirini na mitatu, tumbo linauma. Alitokea kwenye video ameketi juu ya robota la nguo, ananong'ona kama mtu aliyejificha, na maneno yake ya mwisho yalikuwa haya:

"Vile vidonge vya jana havijasaidia, daktari. Halafu bega... mbona linauma na bega? Mlango nimefunga kwa ndani, hakuna anaye..."

Bega. Neno hilo ndilo lililomkausha Daktari mate mdomoni.

Tumbo upande mmoja. Hedhi haijaonekana wiki ya saba sasa. Kizunguzungu. Na bega. Mimba imetunga nje ya kizazi, imepasuka, damu inajaa tumboni, na ikishapanda hadi chini ya mbavu, bega ndilo linalolia. Mtu wa namna hiyo hahitaji ushauri. Anahitaji kisu, damu, na mikono ya watu. Tena upesi, kabla saa moja haijaisha.

Daktari alikuwa na kipanya cha kompyuta na kikombe cha chai iliyopoa.

Alinyakua simu yake, akapiga namba ya dharura.

"Gari la wagonjwa, karibu."

"Nina mgonjwa amezimia, anavuja damu kwa ndani. Mimi ni daktari. Leteni gari haraka!"

"Sawa daktari. Mgonjwa yuko wapi?"

Akafungua mdomo. Akakitazama kile kiatu kwenye kioo.

"Haloo? Mgonjwa yuko wapi?"

"Sijui."

"Si uko naye?"

"Namwona. Yuko kwenye kioo."

Upande wa pili mtu alishusha pumzi ndefu. "Dada yangu, sisi tunaendesha magari. Hatupigi ramli. Ukijua alipo, tupigie."

Ikakatwa.

Fomu ya mwanzo ilikuwa na maswali manane. La saba liliuliza: *Uko wapi sasa hivi, na nani yuko karibu nawe?* Tabibu wa mtandaoni aliyefunzwa vizuri huanza na hilo kabla hajauliza kinachouma, kwa sababu asiyeweza kumgusa mgonjwa lazima aweze kumtuma anayeweza. Daktari alilijua hilo. Aliliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha shemeji yake, ndugu mdogo wa mumewe, aliyeutengeneza mtandao wote ule, akaja na grafu zake.

"Shem, watu wakifika swali la saba wanakimbia. Wanaona kama wanahojiwa na polisi. Tulitoe."

Daktari alikuwa ananyonyesha, usingizi wa siku nne umemkaa machoni. "Litoe," alisema.

Neno moja. Likatolewa.

Sasa aliruka kitini, akaufikia mlango, akavuta. Umefungwa. Kwa nje, kama kawaida.

Mambo ya mlango huo yana chanzo chake. Zahanati ya Daktari ni chumba cha kupigia pasi: hatua nne kwa tatu, dirisha moja la nondo linalotazamana na ukuta wa jirani, shuka nyeupe imetundikwa nyuma ya kiti ili wagonjwa wasione rundo la nguo. Juu amevaa koti jeupe, chini suruali ya kulalia. Siku moja jirani aliingia bila hodi kuomba chumvi wakati mgonjwa anaonyesha jipu la pajani. Jirani akaliona jipu, mgonjwa akamwona jirani, na wote wawili wakapiga kelele. Tangu siku hiyo mama mkwe wa Daktari alijipa kazi ya ulinzi. Akifika mgonjwa, yeye hufunga mlango kwa nje na kuuvaa ufunguo shingoni.

"Mama! Fungua! Mama!"

"Umemaliza?" sauti ilitoka upande wa jikoni.

"Fungua, mama, kuna mtu anakufa!"

Ufunguo ukazunguka. Mama mkwe alisimama mlangoni, mjukuu wa miezi mitatu mgongoni, mwiko mkononi. "Nani anakufa? Mbona mie sisikii kitu?"

"Kwenye kompyuta. Mwite Kitinda!"

Kitinda ni huyo shemeji. Mama yake alimpa jina hilo kwa kuwa ndiye mzaliwa wa mwisho, na hadi leo, miaka ishirini na saba, ndevu kidevuni, bado humpulizia uji. Alikuja mbio, nyaya zinaning'inia mfukoni.

"Shem, vipi?"

"Tafuta yuko wapi. Mtandao unaweza kuonyesha, si uliniambia?"

Kitinda akainama, vidole vikacheza. "Naona mji. Mji huu huu wetu."

"Mji una watu milioni, Kitinda!"

"Sasa mimi nifanyeje? Ningejua mtaa kama tungemwuliza." Akajing'ata ulimi.

Daktari aliinama karibu na kioo. Wakati wa kugombana haukuwepo.

"Mpigie," alisema Daktari ghafla. "Namba yake iko kwenye fomu."

"Shem, simu yenyewe ndiyo hiyo tunayomwonea. Atapokeaje naye yuko chini?"

"Asipokee. Ilie tu! Mtu apite, asikie, agonge mlango!"

Kitinda akapiga.

Haikulia. Bila shaka, aliyejificha huizima sauti. Ila ilitetemeka. Vrrr. Vrrr. Picha kwenye kompyuta ikaanza kutikisika. Kiatu kikacheza, kikasogea, kikapotea. Simu ya yule dada ilikuwa inatembea kwenye rafu, kidogo kidogo, kwa mtetemo wake wenyewe.

"Inaanguka! Acha, Kitinda! Kata!"

Amechelewa. Kioo kikaonyesha dari, kikaonyesha giza, kikatoa kishindo.

Daktari akafumba macho. Huo mguu mmoja aliokuwa nao, ameupoteza kwa mikono yake.

Alipoyafumbua, simu ilikuwa imetua na kuegemea kitu. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inatazama upande mwingine wa chumba. Na pale sakafuni, usawa wa kamera, palikuwa na uso wa Ua Jekundu, shavu kwenye saruji, midomo haina rangi. Nyuma yake rafu. Kwenye rafu, shuka za kijani zilizokunjwa. Na kwenye ubao wa rafu, kipande cha boksi kimebandikwa kwa plasta ya kidonda, kimeandikwa kwa kalamu nene:

SHUKA ZA WAZAZI. UKICHUKUA ANDIKA. USIPOANDIKA NITAKUJUA.

Herufi ya K imepinda mguu.

Daktari aliijua K hiyo. Aliijua kwa sababu ni yake.

Ndiyo, msomaji. Aliandika yeye mwenyewe, mwaka jana, siku shuka zilipokuwa zinapotea. Ua Jekundu alikuwa amelala kwenye stoo ya shuka ya wodi ya wazazi, katika hospitali ile ile anayofanya kazi Daktari, ambayo sasa imempa likizo ya uzazi. Dada wa watu amejifungia hatua arobaini kutoka chumba cha upasuaji, akatafuta msaada kwenye simu!

Viatu vyeupe vya mpira. Ni mfua nguo. Mgeni, ameajiriwa baada ya Daktari kuanza likizo. Na mfua nguo asiye na mume, hedhi haijaonekana wiki saba, aende kujieleza wodini mbele ya wenzake anaokula nao? Daktari alielewa kila kitu mara moja.

"Najua alipo," alisema.

"Wapi?" Kitinda alimtazama.

"Hospitalini kwetu."

Kitinda akakaa kwenye kapu la nguo. "Tumekwisha."

Hakuwa anatia chumvi. Kwenye ubao wa matangazo wa hospitali ile kuna waraka wenye muhuri, umebandikwa tangu mwezi wa pili: mtumishi yeyote atakayeendesha tiba mtandaoni bila kibali atafikishwa mbele ya baraza na leseni yake itasimamishwa. Aliyeusaini ni Mganga Mkuu, mzee wanayemwita Miwani Miwili kwa kuwa huvaa moja machoni na nyingine utosini, na bado huuliza miwani yake iko wapi.

Kibali Daktari hakuwa nacho. Alijiambia ataomba mtoto akikua kidogo. Wagonjwa wakaanza kuja, kinamama wenye watoto wenye homa wasioweza kupanga foleni tangu alfajiri, na kila siku aliyotaka kusimama ilikuwa siku ambayo mtu fulani alimwandikia, "Daktari, Mungu akuweke." Asimameje?

"Shem, nisikilize," Kitinda alishusha sauti. "Usiseme ni wewe. Ficha namba. Sema umepita tu ukasikia mtu anaugua stoo. Wavunje mlango, wamtoe, yaishe. Nami huku namfuta kwenye rekodi, kama hakuwahi kuwepo."

"Umfute?"

"Kabisa. Fomu, ujumbe, kila kitu."

Ajabu, Kitinda aliinamia kompyuta kabla hajajibiwa. Daktari aliiona haraka hiyo, akaiweka pembeni ya akili. Mtoto akaanza kulia mgongoni mwa bibi yake, na maziwa yakamtoka Daktari yenyewe, yakalowesha koti jeupe madoa mawili. Kwenye kioo, midomo ya Ua Jekundu ilitikisika mara moja kama ya mtu anayeota.

Daktari akaficha namba. Akapiga wodini.

"Wodi ya wazazi!" Sauti nzito, ya haraka. Si sista. Ni Miwani Miwili mwenyewe, yuko kwenye raundi, simu imelia mbele yake.

Daktari alibana pua kwa vidole viwili. "Kuna mtu amezimia stoo ya shuka. Mlango umefungwa kwa ndani. Vunjeni."

"Nani anaongea?"

"Mpita njia tu."

"Mpita njia wa wapi? Stoo iko ndani ya korido, mtu hapiti kule kwenda sokoni." Mzee alikuwa ameshachemka. "Wiki hii tumepigiwa simu za utani mara tatu. Jana mmetuambia kuna nyoka maabara, tumemaliza saa nzima tunatafuta nyoka. Watu wazima hamna haya!"

"Si utani, mzee, tafadhali..."

"Taja jina au nakata."

Kitinda akatikisa kichwa kwa nguvu. Mama mkwe, aliyekuwa hajaelewa nusu ya mambo, alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe.

"Nakata," alisema Mganga Mkuu.

Daktari akaachia pua.

"Usikate! Ni mimi, mzee! Daktari wako wa wazazi, uliyenipa likizo. Jana mwanangu amekutapikia begani kwenye foleni ya chanjo!"

Mzee akaitambua sauti.

"Binti yangu?"

"Ndiyo, mzee. Mfua nguo yuko stoo, mimba imetunga nje, imepasuka, amezimia yapata dakika kumi. Namwona kwa video. Nitakueleza yote, utanifanya utakavyo, ila sasa hivi vunja ule mlango!"

Mzee hakuuliza tena. Daktari alisikia simu ikidondoka mezani na sauti ile nzito ikinguruma koridoni: "Stoo! Wote stoo! Leta toroli!"

Sekunde zikapita. Kitinda alikuwa ameshika kichwa. Kutoka kwenye kompyuta ikasikika, mbali kwanza, kisha karibu, kwii, kwii, kwii. Toroli la wodi, lenye gurudumu bovu ambalo Daktari aliliandikia barua tatu litengenezwe. Hajawahi kusikia muziki mtamu kama huo.

Bega la mtu likagonga mlango. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu, mwanga ukamwagika kwenye kioo.

"Yesu na Maria!" alisema Sista, muuguzi mnene asiyetishika na kitu. "Ni yule mtoto wa kufua!"

"Miguu juu, Sista! Msimpe kitu mdomoni! Sindano mbili kubwa, maji ya dripu yaende kasi!"

Sista akaruka. "Nani anaongea humu?"

"Mimi! Huku chini, kwenye simu!"

Uso mkubwa ukainama hadi kuijaza picha yote. "Ala! Wewe si uko likizo?"

"Sista, mapigo!"

"Subiri." Vidole shingoni. Macho ya Sista yalitazama juu kama anayesikiliza redio ya jirani. "Yapo. Hafifu kama ya kifaranga, ila yapo."

Wakamwinua. Kiatu kimoja cheupe kikabaki sakafuni. Gurudumu bovu likaanza tena, kwii, kwii, likienda upande wa chumba cha upasuaji, likipotea.

Daktari aliweka paji la uso kwenye meza, akalia kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Ukifikiri mambo yameishia hapo, ndugu yangu, hujamjua Miwani Miwili.

Robo saa baadaye mkono uliiokota simu stoo. Mganga Mkuu akatokea kwenye kioo, miwani moja machoni, moja utosini, koti lake begani lina doa la njano.

"Yuko ndani," alisema. "Daktari wa upasuaji alikuwa amevaa tayari. Tumbo lilikuwa limejaa damu, lakini mshipa umeshashikwa na presha imeanza kupanda. Ungechelewa nusu saa, tungekuwa tunatafuta ndugu zake."

"Asante, mzee."

"Usinishukuru bado." Akavua miwani, akavaa ile nyingine. "Waraka wangu uliusoma?"

"Niliusoma."

"Na ukafanya."

"Nikafanya. Sina la kujitetea. Nilipaswa kuomba kibali, na nilipaswa kumwuliza mgonjwa yuko wapi. Yote mawili ni yangu."

Mzee aliisogeza miwani puani. Ilikuwa kama anataka kutabasamu na uso unamkatalia.

"Hayo mimi na wewe tungeyazungumza. Ungepewa onyo, ungeandika barua, ningefoka kidogo, ungerudi kazini. Lakini Sista amekuta hiki mfukoni kwake."

Akainua karatasi karibu na kamera. Cheti cha dawa, kimechapwa. Juu, jina la zahanati ya mtandaoni. Katikati, vidonge vya kutuliza maumivu ya hedhi, viwili kutwa mara tatu. Chini, sahihi. Ile K yenye mguu uliopinda.

*Vile vidonge vya jana.*

Daktari aliyakumbuka maneno hayo. Alidhani yule dada anasema vya duka la dawa.

"Mtu mwenye mimba nje ya kizazi ametibiwa maumivu ya hedhi," alisema mzee polepole. "Hakuulizwa hedhi yake ya mwisho lini. Hakutazamwa. Ametulizwa maumivu ili aendelee kuvuja. Huku si kukosa kibali, binti yangu. Hii ni kesi. Wewe ndiye uliyeandika?"

Sahihi ile Daktari aliiweka mwenyewe kwenye kompyuta, mtoto alipokuwa na msokoto wa tumbo na yeye ana mkono mmoja tu ulio huru. Pamoja nayo aliweka majibu ya tayari: namba moja mafua, namba mbili kuharisha, namba nne maumivu ya hedhi. "Ya kunisaidia kuandika haraka," alimwambia Kitinda. "Lakini kila mgonjwa namwona mimi."

Aligeuka. Kitinda alikuwa ametazama sakafu.

"Shem," alinong'ona, "ulikuwa umetoka. Walikuwa wanasubiri watu saba. Nilichagua tu jibu la namba nne. Ungesema hivyo hivyo, si ungesema hivyo hivyo?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Safari hii alielewa. Aliingia ndani, mtoto mgongoni, akaufunga mlango taratibu, akazungusha ufunguo, akaurudisha kifuani. Simu ya Daktari ilikuwa mezani. Aliichukua, akaichomeka kwenye mbeleko, kati ya mgongo wake na tumbo la mtoto. Alifanya yote hayo kwa upole, kama anayetandika kitanda.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "wewe una elimu. Ukianguka utainuka. Huyu hana kitu. Huyu watamfunga. Mwambie mzee ni wewe."

Mtoto, simu, ufunguo. Vyote vilikuwa kwenye mwili wa mwanamke mmoja, mwanamke aliyemkanda maji ya moto siku arobaini baada ya kujifungua.

"Binti yangu, nakuuliza," alisema Mganga Mkuu.

Daktari akaitazama karatasi, akamtazama Kitinda, akakumbuka mumewe aliye safarini akimwambia, nakuachia mama na mdogo wangu, ndio watu wangu wa pekee.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Niliandika mimi."

Mama mkwe akafumba macho. Kitinda akatoa pumzi.

Lakini Mganga Mkuu hakusogea. Alileta cheti karibu zaidi, akaweka kidole kwenye kona ya juu.

"Hapa kompyuta yenu imeandika saa. Jana, saa tano na dakika kumi asubuhi." Akagusa lile doa la njano begani. "Jana saa tano na dakika kumi ulikuwa mbele yangu kwenye foleni ya chanjo, unanifuta bega hili kwa kitambaa cha mtoto. Wewe mwenyewe umenikumbusha leo kwenye simu. Huwezi kuwa uliandika wewe. Kwa hiyo unadanganya kumlinda mtu. Na mtu huyo bado ana sahihi yako, na bado wagonjwa wanaingia. Ni nani?"

Kwenye pembe ya kioo, chini ya uso wa mzee, kidude kidogo chekundu kiliwaka. Mgonjwa mpya amejiunga. Mama Wawili. *Mtoto ana homa na shingo imekakamaa.*

Kitinda alikiona pia. Mkono wake ukaanza kusogea ukutani, kuelekea kwenye waya wa kisanduku cha intaneti.

"Usijibu kitu," mama mkwe alinong'ona. "Atachoka."

Mkono unasogea. Shingo imekakamaa, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Mtoto wa mtu.

"Mganga Mkuu," alisema Daktari, na sauti yake ilitoka tulivu kuliko alivyotegemea. "Kuna swali nilikosa kumwuliza mgonjwa wangu. Niulize mimi."

Mzee alikunja uso. Akamtazama, kisha akatazama nyuma yake, kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa, kwenye kivuli cha mtu kinachopita juu yake. Daktari aliona jinsi macho yale yalivyobadilika nyuma ya miwani.

Hakuuliza swali gani.

"Uko wapi sasa hivi," alisema Mganga Mkuu, "na nani yuko karibu nawe?"

Daktari alifungua mdomo. Alikuwa amefika kwenye jina la mtaa, herufi ya kwanza tu, waya ulipong'olewa ukutani na kioo kikawa cheusi.